Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake: Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno haya kila mwanachama ayajua, na mara nyingi twayasema kwa mzaha tumwonapo mgeni asiyetaka kuondoka. Walakini katika nchi hizi za Afrika alikuwako mtu mmoja ambaye hakungoja kupewa jembe siku ya tatu. Alikuja nalo mwenyewe siku ya kwanza. Mtu huyo ni Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekuwa mtumishi wa watu wa Toro na wa Kongo. Tumeona vema kuandika habari zake katika kitabu hiki cha mwaka, kwa kuwa chini ya hesabu zote za fedha kazi ya chama cha kusaidiana ni hii: jinsi mtu anavyokaa na mtu asiyemjua.

Apolo alizaliwa Buganda, yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Ujana wake haukuwa wa mtu mtakatifu. Alivuta bangi, tena alikuwa askari katika vita vilivyoifarakisha Buganda siku zile, wakati watu wa dini mbalimbali walipopigania ufalme. Mwaka 1891 alifuatana na jeshi la Kapteni Lugard hata Toro, naye akaiona kwa macho yake milima mirefu ya Ruwenzori. Hakujua bado kwamba maisha yake yote yatapita kandokando ya milima hiyo.

Moyo wake ulikuwa umeguswa na mafundisho ya Mackay, mmisionari aliyekaa Natete. Neno lile halikuota upesi, bali halikufa. Apolo alibatizwa mwezi wa Januari 1895, na mwaka ule ule akaenda Toro kuwa mwalimu. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kuvaa juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Jina lile la utani lilimshika mpaka kufa, naye hakuchukizwa nalo.

Upande wa pili wa milima ile, ng'ambo ya mto Semliki, ilikuwako nchi ndogo iitwayo Mboga. Mkubwa wake alikuwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda huko mwaka 1896, lakini walinyimwa chakula hata ikawabidi kurudi. Apolo alipata habari hizo, akajitolea kwenda badala yao. Kwanza alinunua jembe. Aliwaza kwamba mtu mwenye jembe na nguvu za mikono yake hawezi kufukuzwa kwa njaa. Mwezi wa Desemba 1896 akavuka, akafika, akaanza kulima.

Basi tumfikirie Tabaro alipomwona. Mafundisho ya mgeni huyu yalipingana na uganga, ulevi na kuoa wake wengi, mambo ambayo Tabaro aliyaona kuwa ni desturi ya nchi na heshima ya mkubwa. Kumnyima chakula hakukufaa, maana mgeni alilima chake. Kisha watu wakaanza kumwendea, kwanza kwa kutaka kumtazama tu, baadaye kwa kutaka kujifunza kusoma. Hasira ya Tabaro ikazidi. Apolo alipigwa, na watu wakaonywa wasimkaribie.

Hata siku moja likatokea jambo zito. Katika kazi ya kujenga, dada yake Tabaro aliuangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ni ajali, lakini Tabaro alimshitaki Apolo kuwa ndiye mwuaji. Akafungwa, akapelekwa kwa miguu kupita milimani mpaka Toro, akatiwa gerezani kwa hatia ya kuua mtu. Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za taabu alimwona Kristo katika ndoto, aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Mwisho serikali ilimwona hana hatia, akafunguliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mtu aliyefungwa bure ana njia nyingi mbele yake. Aweza kurudi kwao, wala hakuna atakayemlaumu. Aweza kudai fidia. Aweza kutafuta watu wengine wapole zaidi awahubirie hao. Apolo alirudi Mboga, kwa Tabaro yule yule. Tabaro alistaajabu sana, kwa kuwa aliyajua mambo aliyomtendea, na hakuwa ameona bado mtu wa namna hiyo. Mahubiri alikuwa ameyasikia mara nyingi asiyajali, lakini kurudi kwake Apolo hakuweza kukubishia. Baada ya muda akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903, akafanya kazi miaka mingi katika Toro. Katika miaka hiyo mpaka wa Waingereza na Wabelgiji uliwekwa, na Mboga ikawa upande wa Kongo. Walakini yeye hakuweza kuwasahau watu aliowalea, na mwaka 1915 akarudi kukaa nao. Hakuwa na mke wala watoto wa kuzaa. Nyumba yake ilijaa vijana na watoto waliohitaji mahali pa kukaa, akala nao na kuwafundisha. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Namirembe, lakini cheo hicho hakikumwondoa shambani wala njiani.

Ng'ambo ya Mboga umeanza msitu mkubwa wa Ituri, makao ya Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda. Majirani wengi waliwadharau, wakawahesabu kuwa ni chini ya watu. Yapata mwaka 1921, Apolo akiwa mtu mzima wa miaka karibu sitini, alianza kuingia katika msitu huo kwa miguu. Wambuti waliwaogopa wageni, wakajificha. Yeye aliwaendea tena na tena, akaketi nao, akajifunza maneno yao, wala hakuwataka kwanza wafanane naye. Kazi ikaanzwa ya kuitia Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1932 baadhi yao walibatizwa.

Mwaka uliofuata moyo wake ulishikwa na ugonjwa. Alipoona mwisho umekaribia, alitaka kufia Mboga, akafa huko tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa chake kikielekea mashariki, lakini yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ili watu wajue kwamba kazi bado iko mbele. Kanisa la Anglikana katika Kongo hujihesabia mwanzo wake katika siku ile alipofika na jembe lake, na mwaka 1972 ile Mboga iliyowafukuza walimu wa kwanza ikawa makao ya askofu.

Ndugu wanachama, si wengi kati yetu watakaovuka mto Semliki. Lakini kila mmoja wetu hukaa karibu na mtu asiyemjua: mpangaji wa chumba cha pili, mgonjwa wa kitanda cha jirani, kijana aliyeshuka garini jana na sanduku lake akiuliza njia. Huenda huyo hatatushukuru. Huenda atatudhania vibaya, kama Tabaro alivyomdhania Apolo. Kumsaidia mara moja ni jambo jema, na watu wengi huliweza. Lililo gumu ni kurudi kwake mara ya pili, baada ya kukosewa. Apolo alirudi, na kwa kurudi kwake mtu aliyekuwa adui akawa ndugu.