Msiri wa Bunkeya: mwami aliyezoea kusikiliza hatari

Tarehe 20 Desemba 1891, milio ya bastola ilisikika katika kijiji cha Munema, karibu na Bunkeya, leo jimboni Lualaba. Mwami Msiri alikuwa ameuawa.

Jina lake la utoto ni Ngelengwa. Alizaliwa Unyamwezi, upande wa Tabora, karibu mwaka 1830. Baba yake, Kalasa, alikuwa mchuuzi wa shaba, na mtoto akafuata njia hiyo hadi Katanga katika miaka ya 1850. Alikuja na watu wachache wenye bunduki. Bunduki hizo zilimpa kwanza heshima kwa wakubwa wa pale, kisha zikampa nchi yao. Akatawala Garenganze, akauza shaba, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa.

Mwenye kutwaa nchi kwa nguvu halali usingizi mzito. Boma la Msiri lilikuwa la miti, na juu ya miti yalitundikwa mafuvu ya maadui. Huko Katanga, ngoma ya gogo lililochimbwa, mondo, ndiyo ilipeleka habari kijiji kwa kijiji: msiba, ugeni, vita. Pigo la msiba si pigo la vita, na asiyejua kuyatofautisha alihatarisha watu wa nyumba yake.

Mwaka 1891 Basanga waliasi, wakawa wanashambulia na kuchoma nyumba. Baruti ikapungua. Hatari hiyo Bunkeya iliisikia vizuri. Ile nyingine ilikuja kimya, ikiwa na zawadi na karatasi: Sharpe wa Waingereza mwaka 1890, kisha Le Marinel, mtumishi wa Leopold II. Msiri hakukubali kutoa nchi yake. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulinzi wake ulipopwaya: mgeni anayeingia kwa mazungumzo hapigiwi ngoma ya vita.

Stairs alifika tarehe 14 Desemba na watu zaidi ya 300, naye akimtumikia Leopold. Tarehe 19 akapandisha bendera bila ruhusa. Usiku Msiri akahamia Munema. Kesho yake Bodson akaingia bomani na askari wachache, akamwacha mwenzake Bonchamps nje. Bonchamps aliposikia risasi alikimbilia ndani. Msiri alikuwa chini, Bodson naye amepigwa risasi. Akafa baadaye.

Mukanda-Bantu alirithi kiti cha baba yake, chini ya bendera ile ile. Bayeke wanaikumbuka siku hiyo Bunkeya kila mwaka.