Severo Ochoa: mkimbizi aliyechungulia kiwanda cha seli

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, Severo Ochoa alikuwa mtafiti kijana mjini Madrid. Yeye na mkewe, Carmen, wakafunga mizigo. Walianzia Heidelberg, Ujerumani, wakahamia Plymouth, ambako Carmen alimsaidia kazi maabarani, kisha Oxford. Vita vya dunia vilipoanza, wakavuka bahari hadi Marekani. Kila mpaka ulikuwa kuanza upya, kwa lugha ya watu na chini ya mkubwa mwingine.

Mwaka 1955, jijini New York, yeye na Marianne Grunberg-Manago walieleza kimeng'enya kilichounganisha herufi za RNA ndani ya neli ya majaribio. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1959, pamoja na Arthur Kornberg. Baadaye ikabainika kwamba ndani ya seli kazi kubwa ya kimeng'enya hicho ni kuivunja RNA, si kuiunda. Tuzo ilikwishatolewa! Hata hivyo, RNA za kutengenezwa kwa njia hiyo ndizo zilizowawezesha wanasayansi, kuanzia mwaka 1961, kusoma jinsi seli inavyogeuza ujumbe wa RNA kuwa protini. Ochoa alikuwa katika mbio hizo, ingawa Nirenberg na Matthaei walimtangulia.

Hakuishia hapo. Uzeeni alitaka kujua seli inaamuaje kuanza au kusimamisha kazi hiyo. Njia ilikuwa hii: seli changa nyekundu za damu ya sungura hupasuliwa, na maji yake hutiwa kwenye neli pamoja na asidi za amino zenye mionzi. Mionzi inayokutwa ndani ya protini mpya huonyesha kiasi cha kazi iliyofanyika. Ikikosekana hemu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma, baada ya dakika chache kazi hudorora. Ochoa na wenzake walikuwa miongoni mwa waliofuatilia sababu: kimeng'enya fulani huamka na kubandika fosfati kwenye protini inayoanzisha kazi. Ni kama mwenye mashine ya kukoboa: magunia yakiisha, huzima.

Alirejea Hispania mwaka 1985. Carmen alifariki mwaka uliofuata. Ochoa naye alifariki Madrid tarehe 1 Novemba 1993, akazikwa pamoja na mkewe Luarca, mji wa pwani alikozaliwa.