Paul Ehrlich na Dawa Yenye Shabaha

Paul Ehrlich alizaliwa mwaka 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo umo nchini Polandi. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alipenda kutia rangi vipande vyembamba vya mwili na kuvitazama kwa hadubini. Aliona kwamba rangi fulani hushika seli za aina moja na kuziacha nyingine. Akajiuliza kwa nini dawa nayo isiweze kuchagua, ikaua vijidudu bila kumdhuru mgonjwa.

Mwaka 1888 yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu, akasafiri hadi Misri, akapona. Baadaye yeye na wasaidizi wake walijaribu mamia ya dawa. Mwaka 1909 Sahachiro Hata, msaidizi wake kutoka Japani, alionyesha kwamba dawa namba 606 huua vijidudu vya kaswende. Wagonjwa wengi walipona. Lakini dawa hiyo ilikuwa na aseniki, na wengine ikawadhuru. Ehrlich alifariki mwaka 1915.

Wataalamu wa leo wangali wakifuata shabaha yake. Dawa nyingi za saratani ya mapafu huua pia seli zisizo na ugonjwa. Kwa hiyo hutengenezwa chembe ndogo mno za kubebea dawa katika damu. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Dawa moja ya namna hiyo iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2012 kutibu saratani ya mapafu. Hata hiyo haikosi madhara. Kazi aliyoianza Ehrlich ingali inawangoja wanaojifunza sayansi.