Kurt Debus na roketi za Luvua

Wazee wa pande za Kiambi na Pweto wakieleza habari ya roketi za Wajerumani, wanataja Mobutu, na pengine Lutz Kayser, yule kijana aliyeanzisha kampuni ya OTRAG. Lakini mwenyekiti wa baraza la kampuni ile alikuwa mtu mwenye sifa kubwa kuliko Kayser: daktari Kurt Debus, yule aliyesimamia uwanja ambako roketi ya watu wa kwanza kufika mwezini iliondokea. Sisi watu wa mashimo tuna sababu ya kuyajua maisha yake.

Debus alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 29 Novemba 1908. Alisoma kazi ya umeme ku chuo cha ufundi cha Darmstadt, akapata udaktari. Usoni alikuwa na alama za upanga, maana wanafunzi wa Ujerumani wa zamani zile walikuwa wanapigana kwa panga ili kuonyesha uanaume. Aliingia chama cha Hitler, akaingia na SS. Mu mwaka wa 1942 alimshitaki mwenzake wa kazi kwa polisi ya siri juu ya maneno aliyoyasema kumpinga Hitler, na yule mwenzake akahukumiwa. Mtu wa sendika akisoma jambo hilo hawezi kulipita haraka.

Kazi yake ya wakati ule ilikuwa Peenemünde, kando ya bahari ya Baltiki, chini ya Wernher von Braun. Pale ndipo ilitengenezwa V-2, roketi ya vita yenye urefu wa meta 14. Debus alikuwa ku uwanja wa kujaribia: kuisimamisha, kuijaza, kuangalia nyaya zake, kuiwasha. Agosti 1943 ndege za Waingereza zikapiga Peenemünde kwa mabomu. Wakubwa wakaamua kuhamisha kiwanda chini ya mlima Kohnstein, karibu na mji wa Nordhausen, mu mashimo ambayo yalikwisha kuanza kuchimbwa zamani.

Waliopanua mashimo yale ni wafungwa wa kambi ya Dora: Warusi, Wapolandi, Wafaransa na wengine wengi. Miezi ya kwanza walilala mule mule ndani, vitanda juu ya vitanda, baruti ikilipuka karibu na waliolala, vumbi tupu, maji machafu, jua hawalioni. Mchimbaji yeyote anaweza kujaza picha hiyo mwenyewe. Wafungwa kama 60,000 walipita mu kambi ile na matawi yake. Kama 20,000 walikufa. Watu waliokufa kwa kutengeneza V-2 ni wengi kuliko wale iliowaua London na Antwerp. Debus hakuwa msimamizi wa mashimo, hilo tuliseme kwa haki. Lakini roketi zilizotoka mu kiwanda kile, yeye na wenzake ndio walizingojea.

Vita vilipokwisha, Marekani ilimchukua pamoja na von Braun na mafundi wengine zaidi ya mia moja. Alianzia Texas, halafu akapelekwa Cape Canaveral, jimbo la Florida, wakati pale palikuwa mchanga, vichaka na mbu. Huko ndiko alipata jina lake. Tarehe 31 Januari 1958 watu wake walirusha setilaiti ya kwanza ya Marekani. Tarehe 5 Mei 1961 walimrusha Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu. Mwaka wa 1962 akawa mkurugenzi wa kituo kizima, kile kinachoitwa leo Kennedy Space Center. Roketi Saturn V, yenye urefu wa meta 110, ilirushwa mara 13 kutoka 1967 mpaka 1973, zote akiwa yeye mkubwa wa pale. Aliacha kazi mwaka wa 1974.

Leo vyombo hivyo viko mu makumbusho. Saturn V tatu zilizobaki zimelazwa chini kama treni: moja Florida, moja Houston, moja Huntsville. Kwa miaka mingi ziliachwa nje. Mvua ikaingia, kutu ikala chuma, na ile ya Houston ikaota kuvu na ndege wakajenga viota. Baadaye ndio walizijengea nyumba na kuita mafundi wa kusafisha na kutengeneza. Kumbe hata chombo cha mwezini kinaoza kama hakina mwenyewe wa kukitunza.

Kutunza chuma peke yake hakutoshi. V-2 iko mu makumbusho ya Washington na ya Munich. Ile ya Washington iliunganishwa na vipande vya roketi mbalimbali. Kwa muda mrefu watu waliitazama kama babu wa roketi za mwezini, basi. Wafungwa walikuja kutajwa baadaye, baada ya watafiti na wale waliopona Dora kusema sana. Na ku Nordhausen penyewe kuna makumbusho ya kambi, mgeni anaingizwa mu shimo, na vipande vya roketi bado vimelala mule mu maji, vinaliwa na kutu. Mimi naona vile vya majini vinasema zaidi kuliko ile iliyopakwa rangi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka wa 1975 Debus akakubali uenyekiti wa OTRAG. Mwaka wa 1976 Zaire ikaipa kampuni ile eneo la kilometa za mraba kama 100,000 mu Shaba, mpaka mwaka wa 2000. Jimbo letu lote la Tanganyika halifiki 140,000. Uwanja ulikuwa Kapani Tonneo, ku uwanda wa Manitu, juu ya mto Luvua.

Roketi yenyewe ilikuwa ya bei ndogo: mabomba membamba yamefungwa pamoja kama fungu la kuni, na vali za kupitisha mafuta zilifunguliwa na moteri ndogo za kupangusa kioo cha gari. Ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilipinduka na kuanguka mbele ya macho ya Mobutu. Nchi jirani zilikuwa zinalalamika, Wasovieti pia, na mwaka wa 1979 Mobutu akafunga kazi. Kampuni ikaenda Libya. Debus akaacha uenyekiti mwaka wa 1980, akafa Florida tarehe 10 Oktoba 1983.

Jina lake liko ku jumba la mikutano pale Kennedy Space Center, liko hata ku shimo moja la mwezini. Ya watu wetu waliofyeka uwanja wa Manitu na kubeba mizigo hayako ku ukuta wowote. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Kama uko na baba au mjomba wa namna ile, muulize kazi yake, mshahara wake, nani aliumia. Andika na tarehe. Na kama kuna bomba lake la OTRAG nyuma ya nyumba, mwambie asiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lubumbashi kuna makumbusho ya taifa.