Mwenye Heri Anuarite, Binti wa Wamba

Katika vijiji vingi baba hufurahi azaliwapo mtoto wa kiume, lakini binti huhesabiwa kuwa mgeni tu, wa kuolewa na kwenda zake. Sikilizeni basi habari za binti mmoja wa Kongo yetu.

Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939, katika kabila la Wabudu. Baba yake, Amisi, alimwacha mkewe Isude kwa kuwa alimzalia mabinti watupu. Hivyo mtoto yule aliona nyumbani mwao jinsi mwanamke awezavyo kuhesabiwa kuwa hasara.

Yeye hakuikubali hesabu hiyo. Angali msichana, lilikuja lori kuwachukua wasichana waliotamani utawa. Akapanda pamoja nao pasipo kumwaga mama yake, akafika Bafwabaka kwa masista wa Jamaa Takatifu. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alitambua kwamba Mungu amempa kipaji cha kutumikia: alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia. Kazi hizo ni ndogo machoni pa watu, lakini ndizo zilizomkomaza moyo.

Mwaka 1964 vikaja vita vya Simba, vilivyofika hata kwetu Maniema. Tarehe 29 Novemba askari waliwatoa masista Bafwabaka, wakawapeleka mpaka Isiro. Huko kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mkewe, akakataa. Kanali mwingine, Olombe, akataka kumchukua kwa nguvu. Mama Mkuu alimtetea, naye mwenyewe hakulegea. Alipigwa sana, hata hivyo akamwambia yule mtu kwamba anamsamehe, kwa maana hajui alitendalo. Ndipo akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Alifariki usiku wa tarehe 1 Desemba, akiwa na umri wa miaka 24.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Enyi mabinti wa Punia, msingoje kupimwa na watu ndipo mjue thamani yenu. Kila mmoja atazame alichopewa: mkono wa kufundisha, subira ya kuuguza, kinywa cha kukataa uovu, kisha akitumie. Nanyi akina baba, binti azaliwapo, mshukuruni Mungu.