Föttinger: Mhandisi wa meli aliyeyaachia magari ya kasi urithi wa mafuta na joto

DEREVA wa gari la otomatiki anaposimama kwenye taa za barabarani, injini huendelea kunguruma ilhali magurudumu yametulia tuli. Hakanyagi klachi, wala injini haizimi. Siri ya jambo hilo ni konvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta na kuwekwa kati ya injini na giaboksi. Chanzo chake ni Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani ambaye alipokibuni hakuwa akishughulika na magari. Alikuwa akihangaishwa na meli.

Föttinger alizaliwa mjini Nuremberg mnamo Februari 9, 1877. Kati ya 1895 na 1899 alisomea uhandisi wa umeme mjini Munich, kisha akaajiriwa na kampuni ya kuunda meli ya Vulcan mjini Stettin, ambao leo huitwa Szczecin na umo nchini Poland.

Wakati huo meli zilikuwa zimeanza kutumia tabini, yaani gurudumu lenye mapezi linalozungushwa na mvuke. Nguvu ya injini za pistoni iliweza kukadiriwa kwa kupima shinikizo la mvuke ndani ya silinda, lakini tabini haina silinda. Föttinger akaunda kifaa cha kusoma jinsi shafti ya chuma inavyojisokota kidogo inapobeba mzigo, na kutokana na msokoto huo akakokotoa nguvu inayofika kwenye rafadha, panga linaloisukuma meli majini. Mnamo 1904 alipata shahada ya uzamifu. Kabla ya kuvumbua, alikuwa amejifunza kupima.

Vipimo vilithibitisha tatizo zito. Tabini hufanya kazi vyema ikizunguka kwa kasi kubwa mno, ilhali rafadha huhitaji mwendo wa polepole. Gia za kupunguza kasi kwa nguvu nyingi kiasi hicho hazikuwa zimekomaa. Föttinger, aliyeufahamu vyema umeme, aliwazia kwanza jenereta na mota. Baadaye akajiuliza kama maji yangeweza kufanya kazi hiyo badala ya umeme: pampu iyasukume maji, nayo maji yazungushe tabini nyingine. Busara yake kuu ilikuwa kuondoa mabomba yote na kuyaweka magurudumu hayo ana kwa ana ndani ya kasha moja, pamoja na mapezi yasiyozunguka ya kuelekeza maji upya. Mapezi hayo ndiyo yaliyowezesha nguvu ya kuzungusha kuongezeka kasi ilipopungua. Alipata hataza ya uvumbuzi huo kwa ombi la mwaka wa 1905.

Chombo hicho kilikuwa na gharama yake. Sehemu ya nguvu ilipotea na kugeuka joto ndani ya maji. Melini, hasara hiyo iliweza kupunguzwa kwa kutumia joto lenyewe kupasha maji ya kulishia boila. Meli ya abiria ya Königin Luise, iliyoundwa na Vulcan mnamo 1913, ilifungwa mtambo huo. Vita vilipozuka ilifanywa meli ya kutega mabomu baharini, na ikazama Agosti 5, 1914 baada ya kushambuliwa na Waingereza.

Kufikia hapo, gia zilizochongwa kwa ustadi zilikuwa zimeanza kuushinda uvumbuzi wake melini, kwa kuwa zilipoteza nguvu kidogo zaidi. Föttinger mwenyewe alikuwa ameingia katika ualimu: profesa mjini Danzig tangu 1909, kisha Berlin kuanzia 1924, akifundisha na kuchunguza mwendo wa maji na hewa.

Lakini kile kilichokataliwa baharini kilipata makao nchi kavu. Mnamo 1930 kampuni ya Daimler ya Uingereza ilianza kuuza magari yenye kiungo cha mafuta kilichotokana na wazo lake. General Motors ya Marekani ilitumia kiungo cha aina hiyo katika giaboksi ya Hydra-Matic ya magari ya Oldsmobile ya 1940. Konvata kamili, yenye uwezo wa kuongeza nguvu ya kuzungusha, iliwafikia wanunuzi wa Buick mnamo 1948 kupitia giaboksi ya Dynaflow. Föttinger hakuishi kuiona hiyo ya mwisho. Aliuawa na kigae cha kombora mjini Berlin mnamo Aprili 28, 1945, siku chache kabla ya vita kumalizika barani Ulaya, akiwa na umri wa miaka 68.

Waliokuja baadaye waliusukuma uvumbuzi wake mbali zaidi. Wapenzi wa magari ya kasi nchini Marekani walianza kufunga konvata za stoli ya juu. Stoli ni kiwango cha mizunguko ambacho injini hufikia kwa nguvu zake zote huku upande wa giaboksi ukiwa umezuiwa. Katika gari la kawaida kiwango hicho huwa karibu mizunguko 2,000 kwa dakika. Katika gari la mashindano huweza kupita 3,500. Injini yenye kemshafti ya mbio huwa dhaifu ikizunguka polepole, hivyo konvata ya aina hii huiacha ipande hadi mahali penye nguvu kabla gari halijachomoka.

Katika uwanja wa mashindano, faida hiyo huonekana kwa sekunde chache. Katika barabara ya kila siku, deni hulipwa kila dakika. Konvata huteleza zaidi gari linapokwenda polepole, petroli huongezeka, na mafuta ya giaboksi hupata moto hadi kupoteza ubora, hasa katika msongamano wa magari au mlimani. Bila kipoza mafuta cha kutosha, giaboksi huungua. Klachi ya kufunga konvata, iliyotumiwa na Packard tangu 1949, hupunguza hasara gari likishika mwendo, lakini haisaidii wakati wa kuondoka.

Tena, stoli haikai mahali pamoja: konvata ileile hupanda juu zaidi ikifungwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza kwa uzito wa gari, uwiano wa gia na tabia ya injini, kisha ndipo achague konvata.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zaidi ya karne moja baada ya hataza ile, gari linalong'ang'ania kasi barabarani bado hurudi kwenye kanuni ya mhandisi wa Stettin: nguvu inayotelezea ndani ya mafuta haipotei bure, hugeuka joto, na asiyeipima mapema huja kuihesabu kwenye gereji.