Sahir Ludhianvi: Mtunzi Aliyefukuzwa Chuoni

Ndugu Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri, aliyekwisha fariki, nadhani alitazamia kwamba mtumishi wa serikali kama mimi angemchagua kiongozi wa siasa. Mimi nimemchagua mtunzi wa nyimbo za sinema za Kihindi. Namwomba msomaji asicheke kabla hajafika mwisho, kwani habari za mtu huyu zinatuhusu sisi tuliosoma shule hii kuliko anavyodhani.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Abdul Hayee. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1921 katika mji wa Ludhiana, jimbo la Punjab, wakati Bara Hindi lilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa kabaila mwenye mashamba na wake wengi. Mama yake, Sardar Begum, hakuweza kuvumilia maisha ya nyumba ile, akaondoka na kuacha utajiri wote nyuma yake. Baba akadai mtoto kwa njia ya mahakama. Mtoto alipotakiwa kuchagua, akamchagua mama. Tangu siku ile akawa mtoto wa maskini, na mama akaishi kwa hofu kwamba mwanawe angenyakuliwa njiani. Wale wanaojiuliza kwa nini nyimbo nyingi za bwana huyu zinawatetea wanawake na kuwalaumu matajiri, wasiitafute sababu vitabuni tu. Aliiona nyumbani kwao.

Washairi wa Kiurdu, kama malenga wetu wa pwani, hujichagulia lakabu. Kijana Abdul Hayee aliliona neno moja katika shairi ambalo mshairi mkubwa Iqbal alimwomboleza mwalimu wake, likampendeza, akajiita Sahir, akaongeza na jina la mji wake. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mchawi. Mswahili hahitaji kamusi hapa, kwani sisi nasi tunalo neno sihiri lililotoka katika shina lile lile. Ndivyo ilivyo kwa maneno mengi ya nyimbo hizo. Dunia, wakati, safari, shairi, yote haya Mhindi anayatamka karibu sawa na sisi. Mimi nilipokuwa mtoto nikisikiliza kanda za mzee wangu, nilidhani naelewa nusu ya Kihindi, kumbe nilikuwa nikiyasikia maneno yetu sote.

Baada ya shule, Sahir aliingia Chuo cha Serikali cha Ludhiana. Huko alijulikana upesi kwa mashairi yake na kwa hotuba zake za kuwapinga wakoloni. Lakini hakumaliza masomo. Alitakiwa aondoke chuoni, akaondoka bila shahada. Mwaka 1943 aliandika shairi la kukitaja chuo kile, na ndani yake mapenzi na malalamiko yamechanganyika kama chumvi na maji. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Alikwenda Lahore, mji uliokuwa makao ya waandishi wa Kiurdu. Katikati ya miaka ya 1940, akiwa bado kijana, alitoa diwani yake ya kwanza, Talkhiyan, maana yake Machungu. Diwani ile ilimpa jina. Kati ya mashairi yake yaliyosifika ni lile linalohusu Taj Mahal, kaburi la fahari ambalo mfalme alimjengea mkewe. Watu wote walizoea kulisifu jengo lile. Sahir alisema kwamba mfalme ameutumia utajiri wake kuyadhihaki mapenzi ya maskini, ambao nao walipenda lakini hawakuwa na marumaru. Kijana wa namna hiyo hawezi kukaa kwa amani na wakubwa. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na Lahore ikawa Pakistan. Sahir alikuwa mhariri wa jarida lililoitwa Savera, na maandishi yake ya mrengo wa kushoto yakaiudhi serikali mpya. Mwaka 1949, alipojua kwamba anatafutwa, alitoroka mpaka Delhi, na kutoka huko akaenda Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai.

Bombay ilikuwa na sinema, na sinema ilihitaji nyimbo. Hapa yafaa nieleze jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa faida ya vijana. Katika filamu za Kihindi mwigizaji hafanyi ila kufungua mdomo. Sauti ni ya mwimbaji mwingine, muziki ni wa mtunzi wa muziki, na maneno ni ya mshairi. Mara nyingi sauti ya muziki hutungwa kwanza, kisha mshairi hupewa mizani aijaze maneno, tena maneno yatakayoeleweka na mchukuzi wa mizigo na mwalimu wa chuo kwa pamoja. Ni kazi ngumu, na mwisho wake umma humsifu mwimbaji.

Mwaka 1951 nyimbo zake katika filamu za Naujawan na Baazi zilimtangaza, zote mbili zikiwa na muziki wa S. D. Burman. Wawili hao walifanya kazi pamoja mpaka mwaka 1957, walipofikia kilele chao katika filamu ya Pyaasa iliyoongozwa na Guru Dutt. Hiyo ni hadithi ya mshairi ambaye hakuna anayetaka mashairi yake akiwa hai. Watu wanapodhani amekufa, wanakichapa kitabu chake na kugombea faida. Kwa ajili ya filamu hiyo Sahir alilichukua shairi lake la zamani kuhusu wanawake wanaouzwa katika mitaa ya madanguro, akayaondoa maneno magumu ya Kiurdu na kuweka mepesi, ili mtu yeyote aliyenunua tikiti aelewe kwamba anaulizwa yeye. Hakupunguza ukali hata kidogo. Mimi naona kuna somo hapa kwa sisi tuliokwenda chuo kikuu, ambao tunadhani kwamba maneno yakieleweka na wengi yamepoteza uzito.

Pyaasa ilifanikiwa, lakini ushirika ukavunjika. Ugomvi ulikuwa juu ya sifa: je, wimbo ni wa nani, wa aliyetunga sauti au wa aliyetunga maneno? Burman na Sahir hawakufanya kazi pamoja tena. Tokea hapo Sahir aliendelea na wengine: O. P. Nayyar, N. Dutta, Khayyam, Roshan, Jaidev na Ravi. Mwaka ule ule wa 1957 ilitoka Naya Daur, ambamo wanakijiji wanajenga barabara kwa mikono yao, na Sahir akawatungia wimbo wa kushikana mikono kazini. Wazee wetu waliofyeka na kuchimba misingi katika siku za kujitolea wangeuelewa mara moja. Mwaka 1959 katika Dhool Ka Phool alimtungia mzee wa Kiislamu amleaye mtoto aliyeokotwa wimbo unaoutanguliza utu mbele ya dini. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu watu wa dini hizo mbili walipochinjana.

Tena msomaji atazame maajabu ya dunia. Mwaka 1963 ilitolewa filamu iliyoitwa Taj Mahal, yenye kuyatukuza mapenzi ya mfalme yule yule. Mtunzi wa nyimbo zake alikuwa Sahir, na kwa kazi hiyo akapata tuzo yake ya kwanza ya Filmfare. Wapo waliomcheka. Mimi sioni ajabu. Mtu mwenye mama wa kutunza hutunga anachoagizwa, ila hakulifuta lile shairi la ujana wake. Yote mawili yamebaki. Tuzo ya pili ya Filmfare aliipata kwa filamu ya Kabhi Kabhie ya mwaka 1976, na kabla ya hapo, mwaka 1971, serikali ya India ilikuwa imempa nishani ya Padma Shri.

Hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa majivuno, mvutaji wa sigara na mnywaji. Hakuoa. Mwandishi mashuhuri wa Kipunjabi, Amrita Pritam, alimpenda kwa miaka mingi na akaeleza hayo waziwazi katika kitabu cha maisha yake, lakini Sahir alibaki na mama yake hadi mama alipofariki mwaka 1976. Inasimuliwa kwamba aliwahi kudai alipwe rupia moja zaidi ya ujira wa Lata Mangeshkar, mwimbaji mkubwa kuliko wote. Rupia moja hainunui kitu. Alichotaka ni kanuni ikubaliwe, kwamba bila maneno mwimbaji hana cha kuimba. Kwa sababu hiyo hiyo alidai Redio ya India iwe inamtaja mtunzi wa maneno kila wimbo unapopigwa, pamoja na mwimbaji na mtunzi wa muziki. Kabla ya hapo hakutajwa.

Jambo hili linanigusa kwa kuwa kazi yangu mimi ni kuandika barua ambazo hutiwa sahihi na wengine. Silalamiki, ndio utaratibu. Lakini linagusa pwani yetu pia. Nyimbo za sinema hizo zilipoingia katika majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, watunzi wetu wa taarabu walizichukua sauti zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alisifika sana kwa njia hiyo. Walitunga vizuri, wala siwalaumu. Lakini katika safari ile ya kuvuka bahari, mwimbaji alijulikana, muziki ulijulikana, na mshairi aliachwa bandarini.

Sahir alifariki ghafula kwa ugonjwa wa moyo tarehe 25 Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 59, akazikwa katika makaburi ya Waislamu huko Juhu, Bombay. Mwaka 2010 kaburi lake lilibomolewa ili kupata nafasi ya kuzikia wengine. Aliyelikataa kaburi la marumaru la mfalme hana hata jiwe lake mwenyewe. Mwaka 2013 India ilitoa stempu yenye picha yake.

Sasa narudi kwenye chuo. Mwaka 1970 Chuo cha Serikali cha Ludhiana kilitimiza miaka 50. Kilimwalika yule kijana kiliyemfukuza, naye akaja, akatunukiwa medali ya dhahabu mbele ya wanafunzi, akawasomea shairi. Leo ukumbi wa chuo hicho unaitwa kwa jina lake. Hakikusubiri afe.

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mnakumbuka kwamba tulipokuwa Kidato cha Tano mwenzetu mmoja wa bweni letu alirudishwa kwao kwa sababu ya shairi lililobandikwa ubaoni kuhusu maharage yenye wadudu. Simtaji jina kwa kuwa hajaniruhusu. Ambalo hamlijui ni kwamba hati ile ilikuwa yangu. Shairi alilitunga yeye, lakini mwandiko wake ulikuwa mbaya, akaniomba nilinakili vizuri usiku kwa tochi. Alipoitwa ofisini aliulizwa nani alimsaidia. Alisema hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama mstarini na wenzangu nikitazama ardhi, na nikaendelea kuitazama mpaka alipopanda gari na sanduku lake. Mwaka uliofuata nilifanya mtihani, nikaenda chuo kikuu, nikaajiriwa. Yeye hakumaliza.

Nimepata kuona orodha ya wanaoalikwa katika mkutano wetu wa mwaka huu. Kamati imefanya kazi kubwa, nami naishukuru. Lakini orodha ina majina ya waliomaliza tu. Natoa pendekezo rasmi kwamba waliosoma hapa na kuondolewa kabla ya mtihani nao waandikiwe barua ya mwaliko, kila mmoja kwa jina lake. Anwani ya mmoja wao ninayo. Barua yake nitaiandika mwenyewe, na safari hii nitaitia sahihi yangu.